Wimbo wa wazee unaishia wapi? Habari ya akodi tatu na noti tano

Leo ni zamu yangu. Naandika juu ya akodi, maana wengi wetu tunatunga nyimbo, hata kama gita ni moja tunapokezana.

Mwaka jana tulitoka kambini tukaja Kigali kurekodi wimbo aliotuachia bibi, mama mzaa mama yangu. Mpiga kinanda wa studio alisikiliza kidogo tu, akaweka do, fa, sol, akasema tayari. Wimbo ukatoka mzuri, watu wakacheza. Lakini mama alipousikia kwenye simu akauliza: "Huu ni wimbo gani?" Maneno yalikuwa yale yale! Kumbe tulibadilisha mwisho. Bibi alikuwa anamalizia kwenye re, sisi tukamalizia kwenye do ili tufuate kinanda.

Nikajiuliza, hizi akodi zilitukuta wapi?

Tuanze na inanga ya Rwanda. Ni ubao uliochongwa kama sinia refu, na uzi mmoja unazungushwa kwenda na kurudi mpaka zinapatikana nyuzi saba au nane. Noti zake ni tano, tunaweza kuziita do, re, mi, sol, la. Fa na si hazimo. Mpigaji anadonoa noti moja moja na sauti inatembea juu yake. Hakuna akodi ya kukuvuta urudi do, kwa hiyo wimbo unaweza kufanya re au la iwe nyumbani kwake. Noti ni zile zile, ila ukihamisha nyumba, wimbo unageuka sura.

Mwaka 1900 mapadri wa White Fathers walifungua misheni ya Save, kusini mwa Rwanda. Pamoja na nyimbo za kanisa ikaja ngazi ya noti saba, na kwaya za sauti nyingi. Hapo fa na si zikaingia. Sasa angalia: akodi ya fa ni fa-la-do, akodi ya sol ni sol-si-re. Kila moja ina noti ambayo wimbo wa bibi hauna. Ndiyo maana zinausukuma wimbo mahali ambapo haukutaka kwenda.

Je, akodi ni adui? Hapana. Huko kwetu Kongo, mwaka 1952, Hugh Tracey alimrekodi Jean Bosco Mwenda kule Jadotville, leo Likasi. Kipande chake "Masanga" kilisikika mbali sana. Mwenda hakuwa anakwangua nyuzi zote pamoja. Dole gumba lilipiga besi, kidole cha shahada kikapiga sauti ya juu, na akodi ikabaki katikati, imevunjwa vipande. Yaani wimbo ulipata nafasi ya kupumua.

Halafu kuna Cécile Kayirebwa. Alizaliwa Kigali mwaka 1946, akakimbilia Ubelgiji mwaka 1973. Alikuwa mkimbizi kama sisi. Huko ugenini alichimbua nyimbo za zamani za Rwanda, akaziimba na vyombo vya kisasa, na mwaka 1994 ikatoka albamu yake "Rwanda". Ukisikiliza, sauti inatangulia, vyombo vinafuata nyuma.

Kwa hiyo mimi sasa nafanya hivi. Kwanza naimba wimbo bila chombo, natafuta noti unayoishia. Ndani ya noti zile tano kuna akodi mbili tu zinazokamilika: do-mi-sol, na la-do-mi. Naanza na hizo. Kama wimbo unaishia la, namalizia na la-do-mi. Kama unaishia re, kama ule wa bibi, napiga re na la tu, noti mbili, naacha ile ya katikati. Fa na sol naziweka nikiona wimbo wenyewe unaziomba.

Wiki iliyopita nilimpigia mama hivyo, gita na sauti tu. Hakusema kitu. Alianza kuimba ubeti wa pili, ambao mimi sikuujua kabisa.

Ndugu zangu, wazee wetu kambini wanaondoka mmoja mmoja. Ukiwa na simu, mrekodi babu au bibi akiimba peke yake, mpaka noti ya mwisho. Usimkatize. Kinanda kitasubiri.