Jicho la Bunge katika Biashara ya Silaha: Kwa Nini Linamhusu Mkazi wa Kigoma

Na Mwandishi Wetu, Kigoma

Bunduki inayokamatwa usiku katika mtumbwi kwenye Ziwa Tanganyika haikutengenezwa ziwani. Mara nyingi silaha ya aina hiyo ilitoka kiwandani kihalali na kuuzwa kwa serikali fulani kwa mkataba uliotiwa saini. Baadaye ikapotea: iliibwa ghalani, iliporwa vitani au iliuzwa tena kwa asiyestahili. Kwa sababu hiyo, udhibiti wa silaha hauanzi na doria ya ufukweni. Huanza pale serikali moja inapokubali kuiuzia nyingine, na hapo ndipo Bunge linapopata nafasi ya kuuliza maswali.

Makala haya yanaeleza namna mabunge yanavyosimamia mauzo ya silaha kwa serikali za nje, mamlaka ya Bunge la Tanzania katika eneo hilo, na sababu za suala hili kuwagusa wananchi wa Kigoma, Ujiji na mwambao mzima wa ziwa.

Ziwa la nchi nne

Ziwa Tanganyika lina urefu wa takriban kilomita 670 na linapakana na Tanzania, Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Zambia. Kigoma ndiko inakoishia Reli ya Kati itokayo Dar es Salaam, hivyo shehena ya nchi jirani hupita hapa.

Hali hiyo si ngeni. Katika karne ya 19, Ujiji ulikuwa kituo kikuu cha misafara iliyotoka pwani, na bunduki na baruti zilikuwa miongoni mwa mizigo yake. Julai 2, 1890, mataifa yaliyokutana Brussels kuhusu kukomesha biashara ya utumwa yalitia saini mkataba uliowekea mipaka uingizaji wa silaha za moto katika sehemu kubwa ya Afrika, kati ya latitudo ya 20 Kaskazini na ya 22 Kusini. Mataifa mengi kati ya hayo ndiyo yaliyokuwa yakiligawana bara letu, na wenyeji wa mwambao huu hawakuulizwa.

Gharama ya machafuko ya jirani inafahamika vyema mkoani Kigoma. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kuwapokea wakimbizi kutoka Kongo. Mei 2015, maelfu ya Warundi walikusanyika Kagunga, kijiji cha wavuvi kando ya ziwa karibu na mpaka. Kipindupindu kikazuka, na meli ya MV Liemba ikatumika kuwasafirisha watu hadi Kigoma mjini. Silaha zinapozagaa upande mmoja wa ziwa, mzigo hutua upande wa pili.

Mabunge ya nchi zinazouza

Nchini Marekani, sheria ya mwaka 1976 ya kudhibiti uuzaji wa silaha nje inaitaka Serikali kulijulisha Bunge mapema kuhusu mauzo yanayozidi kiwango maalumu cha fedha. Bunge hupewa siku 30 kabla ya mauzo kuendelea, au siku 15 iwapo mnunuzi ni mwanachama wa NATO au mmoja wa washirika wachache wa karibu. Linaweza kupitisha azimio la kupinga mauzo, lakini Rais ana uwezo wa kulikataa azimio hilo, na kumshinda kunahitaji theluthi mbili ya kura katika kila chombo cha Bunge. Mwaka 2019, Rais Donald Trump aliyakataa maazimio matatu yaliyohusu mauzo kwa Saudi Arabia na Umoja wa Falme za Kiarabu, na kura za kuupindua uamuzi wake hazikutosha.

Nchini Uingereza, Sheria ya Udhibiti wa Mauzo ya Nje ya mwaka 2002 inaipa Serikali mamlaka ya kutoa leseni, na inaitaka kuwasilisha taarifa Bungeni kila mwaka. Sheria hiyo ina uhusiano na Tanzania.

Funzo la rada

Desemba 2001, Serikali ya Uingereza iliidhinisha leseni ya kuiuzia Tanzania mfumo wa rada wa kampuni ya BAE Systems kwa bei ya pauni milioni 28. Rada si bunduki, lakini mfumo huo ulikuwa na matumizi ya kijeshi na hivyo ulihitaji leseni. Waziri wa Maendeleo ya Kimataifa wa Uingereza wakati huo, Clare Short, aliupinga uuzaji huo, na Benki ya Dunia ilihoji gharama zake kwa nchi yenye mahitaji mengi ya msingi. Muswada wa udhibiti wa mauzo ulipokuwa ukijadiliwa katika Bunge la Uingereza, sakata hilo lilitajwa mara kwa mara, na sheria iliyopitishwa ikataja maendeleo endelevu miongoni mwa mambo ya kuzingatiwa.

Suala hilo halikuishia hapo. Desemba 2010, mbele ya mahakama ya Southwark jijini London, kampuni hiyo ilihukumiwa baada ya kukiri kosa la kutotunza ipasavyo kumbukumbu za hesabu zinazohusu mauzo hayo. Ilitozwa faini ya pauni 500,000, na ilikuwa imekubali kulipa pauni milioni 29.5 kwa manufaa ya wananchi wa Tanzania. Malipo yalipochelewa, mabunge mawili yalichukua hatua. Mwaka 2011, ujumbe wa Bunge la Tanzania ulioongozwa na Naibu Spika wa wakati huo, Job Ndugai, ulikwenda London kufuatilia, na kamati ya Bunge la Uingereza inayoshughulikia maendeleo ya kimataifa iliihoji kampuni hiyo. Makubaliano ya malipo yalitiwa saini Machi 2012, na fedha hizo zikaelekezwa kwenye vitabu na madawati ya shule za msingi.

Funzo lake ni kwamba swali linaloulizwa kabla ya mkataba huokoa fedha, ilhali swali linaloulizwa baadaye huweza tu kurejesha sehemu ya kilichopotea, tena baada ya miaka mingi.

Mamlaka ya Bunge la Tanzania

Tanzania si muuzaji mkubwa wa silaha duniani. Nafasi yake ni ya mnunuzi, ya njia ya shehena na ya jirani. Hata hivyo, Katiba inalipa Bunge nyenzo kadhaa. Ibara ya 63 inalifanya kuwa chombo kikuu cha kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi. Ibara hiyo hiyo inalipa mamlaka ya kujadili na kuridhia mikataba yote inayoihusu nchi ambayo masharti yake yanahitaji kuridhiwa. Ibara ya 143 inampa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali jukumu la kukagua matumizi ya umma. Bunge pia lina kamati ya kudumu yenye jukumu la masuala ya ulinzi na usalama.

Ni kweli kwamba baadhi ya taarifa za ulinzi haziwezi kuwekwa hadharani. Usiri huo, hata hivyo, haumaanishi kukosekana kwa usimamizi, kwa kuwa kamati inaweza kupokea maelezo faragha na kuuliza nani ananunua, kwa bei gani, kwa matumizi gani na silaha zitahifadhiwa wapi.

Katika ngazi ya kanda, Itifaki ya Nairobi kuhusu silaha ndogo na nyepesi ilitiwa saini Aprili 21, 2004 na kuanza kutumika Mei 5, 2006. Inazitaka nchi wanachama kuweka alama kwenye silaha na kutunza kumbukumbu zake. Mwaka 2015, Bunge lilitunga Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi, iliyochukua nafasi ya sheria ya mwaka 1991.

Katika ngazi ya dunia, Mkataba wa Biashara ya Silaha ulianza kutumika Desemba 24, 2014. Unakataza kuuza silaha kinyume cha vikwazo vya Baraza la Usalama, au pale muuzaji anapofahamu kuwa zitatumika katika mauaji ya kimbari. Tanzania iliutia saini Juni 3, 2013. Kutia saini na kuridhia ni hatua mbili tofauti, na ya pili ndiyo inayolihusu Bunge moja kwa moja.

Nafasi ya mwananchi

Usimamizi wa Bunge hauwezi kufanya kazi bila wananchi. Mkazi anayeona mizigo yenye kutia shaka mwaloni au bandarini anapaswa kutoa taarifa Polisi au kwa uongozi wa mtaa au kijiji. Aidha, Serikali imewahi kutenga vipindi vya kusalimisha silaha kwa hiari bila kushtakiwa, kikiwamo cha kuanzia Septemba 1 hadi Oktoba 31, 2022. Inapotangazwa fursa ya namna hiyo, ni vyema itumike.

Mwananchi pia ana mbunge. Swali kuhusu mkataba wa silaha laweza kuonekana kuwa la wakubwa wa Dodoma na London, lakini waliowapokea majirani zao Kagunga mwaka 2015 wanajua gharama ya silaha zisizodhibitiwa. Nao wana haki ya kulifikisha swali hilo Bungeni.