Nusu Tenti: Askari Weusi Waliolala Nje na Baiskeli Miaka 129 Kabla Yako

Siku hizi mtu akitaka kupanda baiskeli aende kulala nje usiku mmoja, anaanzia kwa bei. Anaona tenti ya kilo moja, anaona mfuko wa kulalia unaoingia kwenye kiganja, anajumlisha, kisha anafunga simu na kusema hii ni michezo ya wazungu wenye pesa. Mimi napinga. Hii kitu ina historia, na ukiijua hutachagua vifaa vile vile tena.

Turudi 1897. Mahali ni Fort Missoula, jimbo la Montana, Marekani. Hapo kulikuwa na askari wa Kikosi cha 25 cha miguu. Askari wote walikuwa weusi, maafisa wao weupe, maana jeshi la Marekani wakati huo lilitenganisha watu kwa rangi. Luteni mmoja kijana, James A. Moss, alikuwa na wazo: farasi anataka nyasi, anataka maji, anaugua na anapiga kelele. Baiskeli haili chochote. Je, askari wanaweza kusafiri nayo mbali? Mwaka 1896 walijaribu hadi Yellowstone na kurudi. Mwaka uliofuata, Juni 14, askari 20 waliondoka Missoula kuelekea St. Louis. Umbali ulikuwa maili 1,900 hivi, zaidi ya kilomita 3,000. Chukua Nairobi hadi Mombasa, irudie mara sita, na bado hujafika. Hakuna lami. Hakuna gia za kubadilisha. Walichukua siku 41, na kati ya hizo 34 tu ndizo za kupiga pedali.

Sasa ona walichobeba. Mbele, kwenye usukani, kila mmoja alifunga bunda lenye blanketi moja, vijiti vya tenti, nguo za ndani za kubadilisha, soksi pea mbili, leso na mswaki. Katikati, ndani ya ile pembetatu ya fremu, kulikuwa na kasha gumu la chakula. Kikombe cha bati kilining'inia chini ya kiti. Ukiangalia baiskeli za wanaopiga kambi leo, mzigo umekaa vile vile: bunda mbele, mfuko katikati ya fremu, kitu kidogo nyuma ya kiti. Baiskeli ikiwa imepakiwa ilifika karibu kilo 27, na bado bunduki ilikuwa mgongoni.

Lakini kinachonishika zaidi ni hema. Kila askari alibeba nusu tenti. Sio tenti ndogo, nusu kabisa: kipande kimoja cha turubai chenye vifungo. Jioni unatafuta mwenzako, mnaunganisha vipande viwili, mnasimamisha vijiti, mnalala. Bila mwenzako huna nyumba. Hata sabuni na taulo vilibebwa na kila askari wa pili, sio kila mtu. Huu ndio wepesi wa kweli, na haukununuliwa popote. Ulitokana na swali moja: ni nini hapa tunaweza kutumia wawili?

Sisi tunafanya kinyume. Watu wanne wanatoka kwenda kulala Hell's Gate, kila mmoja na tenti yake, jiko lake, sufuria yake, halafu kila mtu analalamika baiskeli ni nzito kwenye mlima. Bana, tatizo hapo sio pesa. Tatizo ni kwamba hamkuongea kabla ya kutoka.

Na usidhani safari yao ilikuwa picnic. Milimani walikutana na theluji na matope yaliyoziba magurudumu, mpaka wakapanda reli na kuendesha juu ya mataruma, wakirukaruka kila hatua. Kule Nebraska walivuka vilima vya mchanga kwenye joto kali. Na kilichowaangusha sio tenti kuvuja. Ni maji. Maji ya sehemu hizo yalikuwa na magadi, askari kadhaa wakaugua, na Moss mwenyewe akabaki nyuma mgonjwa huku daktari wa msafara akiongoza wengine. Somo ni wazi: unapunguza uzito wa hema ili upate nafasi ya maji. Ukinunua tenti nyepesi halafu ukatoka na chupa moja ya nusu lita, umelipia kitu ambacho hukukielewa.

Kuna jambo lingine lazima nilitaje, kwa sababu historia ya vifaa bila watu ni katalogi tu. Moss ndiye aliyeandika ripoti, na jina lake ndilo linalotajwa kwanza. Waliopiga pedali walifuata amri. Mmoja wao alikuwa Sajini Mingo Sanders, mwanajeshi wa miaka mingi. Mwaka 1906 kulitokea ufyatuaji risasi mjini Brownsville, Texas, na askari wa kikosi hicho wakalaumiwa. Rais Theodore Roosevelt akawafukuza askari 167 bila kesi mahakamani. Sanders alikuwa mmoja wao, akiwa na miaka 26 ya utumishi na amekaribia pensheni. Alikufa 1929. Jeshi lilikuja kuwasafisha 1972, wakati wengi wao walikuwa wameshazikwa.

Kwa hivyo mtu akikuambia kulala nje na baiskeli sio mambo ya watu weusi, mwambie kuhusu Missoula. Mwaka 2022 mwendesha baiskeli Erick Cedeño aliipita njia ile ile, miaka 125 baadaye, ili majina yale yasipotee.

Na wewe, kabla hujatoa hata shilingi, fanya hivi. Tafuta mwenzako kwanza. Orodhesheni vitu vyote, kisha mfute kila kinachojirudia: tenti moja, jiko moja, pampu moja, sabuni moja. Kitambaa abebe huyu, vijiti abebe yule. Kama ni msimu wa kiangazi na mbu si wengi, turubai na kamba vinatosha usiku mmoja. Kizito kikae chini, katikati ya fremu. Chepesi na kikubwa kiende mbele. Nafasi iliyobaki, jaza maji. Baada ya hapo, kama bado kuna pengo, ndio uende dukani.

Askari 20 walivuka nusu ya Marekani kwa nusu tenti kila mmoja. Sisi tunaogopa Naivasha.