Vituo vya Maandishi na Maana Yake kwa Watoto Wasomao

Mwandikie mtoto wa darasa la pili maneno haya ubaoni: "Mama Juma amelala." Chini yake andika haya: "Mama, Juma amelala." Kisha mwambie asome. Mara nyingi atasoma mistari yote miwili bila kukosea hata silabi moja, wala hatasahau kutua kidogo penye mkato, maana ndivyo alivyofundishwa. Lakini ukimwuliza, "Aliyelala ni nani?" atakutazama usoni kama mtu aliyeulizwa habari za nchi asiyoijua. Katika mstari wa kwanza aliyelala ni mama, naye ametajwa kwa jina la mwanawe kama ilivyo desturi yetu. Katika wa pili mama anaitwa apewe habari, na aliyelala ni Juma. Alama ndogo kama mguu wa mdudu imemtoa mmoja kitandani ikamlaza mwingine, na mtoto ameipita asiione.

Katika habari hizi nataka kueleza jinsi kutua na kufahamu vilivyopata kutengana katika shule zetu. Si ujinga wa watoto. Jambo hili lina asili yake, tena ni ya zamani.

Jina lenyewe lingetosha kutufundisha. Wazee wetu waliziita alama hizi vituo, na kituo ni mahali pa kutua mzigo. Mtu apandaye na mzigo kutoka Mombo kwenda Vuga hatui kwa kuhesabu hatua. Hutua mahali panapofaa: penye maji, penye kivuli, juu ya mwinuko uliokwisha. Njia ndiyo inayomwambia.

Kabla ya herufi za Kirumi, watu wa pwani waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na maandishi yale ya kale hayakuwa na mkato wala alama ya kuuliza. Hata hivyo wasomaji wake hawakupotea. Katika mashairi, vina na mizani vilionyesha mwisho wa kila kipande. Katika barua, baada ya salamu ndefu, mwandishi aliweka neno "wa baada", na msomaji akajua kwamba salamu zimekwisha na shauri linaanza. Katika hadithi, maneno kama "hata", "basi", "kisha" na "akasema" yalifanya kazi iyo hiyo. Basi wasemao kwamba Kiswahili hakikuwa na vituo hawasemi kweli. Vilikuwamo ndani ya maneno yenyewe, na msomaji hakuweza kuviona pasipo kufahamu maneno.

Chuoni mambo yalikuwa mengine. Huko mtoto alijifunza kusoma Kurani, na katika Kurani ziko alama za kumwonyesha msomaji mahali pa kutua, mahali asipopaswa kutua, na mahali anapohiari. Wanavyuoni walioziweka walijua kwamba kutua pasipopasa huweza kupotosha maana, na walimu walizifundisha kwa uangalifu mkubwa. Lakini mtoto asiyejua Kiarabu alizishika kwa sikio na kwa kumbukumbu tu. Alitua vizuri asijue kwa nini ametua. Sisemi haya kwa kuwalaumu walimu wa chuo, maana tutaona kwamba shule za misheni zilifika palepale kwa njia nyingine.

Mwaka 1848 Dr. Krapf alipanda milima yetu akafika kwa mfalme Kimweri ye Nyumbai, kuomba ruhusa ya kuleta walimu, akarudi tena mwaka 1852. Naye alikuwa amekwisha kuanza kuandika Kiswahili kwa herufi za Kirumi huko Mombasa. Edward Steere alifika Unguja mwaka 1864, na mwaka 1870 vikatoka kitabu chake cha kufundishia lugha na kitabu chake cha hadithi. Pamoja na herufi hizo zikaja alama zote, zimekwisha kutengenezwa na watu wengine kwa ajili ya lugha nyingine.

Asili ya alama hizo ni ya kupendeza kwa mwalimu. Hapo kale Kilatini kiliandikwa maneno yakiwa yameshikana, bila nafasi kati yake. Walioanza kuyatenga, yapata karne ya 7 na ya 8, walikuwa watawa wa Ireland, na sababu yake ni kwamba kwao Kilatini kilikuwa lugha ya kigeni. Walihitaji msaada wa jicho ili wapate maana, kama vile mtoto wa Kishambaa anavyouhitaji asomapo Kiswahili. Baadaye, mwishoni mwa karne ya 15, mpiga chapa Aldus Manutius wa Venice alianza kutumia nukta mkato. Lakini hata kufika karne ya 18 vitabu vya shule vya Kiingereza vilikuwa vikifundisha kanuni ya kuhesabu: penye mkato hesabu moja, penye nukta mkato mbili, penye nukta mbili tatu, penye nukta nne. Hivyo alama iliyozaliwa kwa ajili ya maana ikafanywa kipimo cha pumzi. Wengi wetu tuliosoma shule za misheni tuliirithi kanuni hiyo, na wako ambao hata leo huhesabu kimoyomoyo wakisoma.

Wamisionari wa Betheli walianza kazi Mlalo mwaka 1891, na baadaye Vuga, ambako misheni iliweka mtambo wa kupiga chapa vitabu. Kitabu cha kwanza cha mafundisho kwa wengi kilikuwa Katekisimo Ndogo ya Luther, ya mwaka 1529. Ndani yake kila amri hufuatwa na swali la kuuliza maana. Luther alitaka mtoto afahamu, asikariri tu. Lakini jibu nalo limeandikwa, na likiisha kuandikwa hukaririwa pamoja na swali lake. Alama ya kuuliza ipo, na hakuna aulizaye.

Basi tuitazame lugha yenyewe. Mwingereza au Mjerumani akigeuza habari kuwa swali, mara nyingi hugeuza na mpangilio wa maneno, kwa hiyo msikilizaji hujua mapema. Kiswahili hakifanyi hivyo. "Baba amekuja." "Baba amekuja?" Maneno ni yale yale, mahali pao ni pale pale, tofauti ni sauti tu, na katika maandishi sauti ile imekaa mwishoni kabisa, mahali ambapo jicho la mtoto huchelewa kufika. Wahispania waliliona tatizo hili, na tangu mwaka 1754 chuo chao cha lugha kikaagiza alama ya kuuliza iwekwe pia mwanzoni mwa swali, imepinduliwa. Sisi tunalo neno "je" kwa kazi hiyo, ila si kila mwandishi hulitumia. Tena Kishambaa ni lugha ambayo kupanda na kushuka kwa sauti huweza kubadili maana ya neno, kwa hiyo mtoto wa Vuga huja shuleni na sikio lililokwisha kufundwa nyumbani. Ni ajabu kwamba tunamwachisha kulitumia afunguapo kitabu.

Jambo jingine ni wepesi wa tahajia yetu. Mtoto akiisha kujua silabi, aweza kutamka neno lolote, hata asilolijua. Wepesi huu ni baraka, nao hutudanganya walimu. Watoto wa darasa la pili walipopimwa nchini mwaka 2013, wachache tu walionekana kuweza kusoma habari fupi ya Kiswahili na kuifahamu, na tangu mwaka 2015 mtaala wa madarasa mawili ya kwanza ukakazia kusoma, kuandika na kuhesabu. Naona dawa ni ndogo kuliko tunavyodhani: mtoto aulizwe maana kwanza, ndipo aiweke alama kwa mkono wake mwenyewe. Apewe "Mwalimu Petro amekuja" pasipo mkato, aambiwe kwamba aliyekuja si mwalimu, aandike.

Na wachungaji wasidhani haya ni ya watoto tu. Katika Isaya 40:3 alama za kusomea za Kiebrania hulifunga neno "nyikani" na njia inayotengenezwa. Katika Mathayo 3:3, kwa kufuata Kiyunani, nyika ni mahali alipo yule anayelia. Fungua Biblia ya Kiswahili darasani, watoto wasome mahali pote viwili kwa sauti, kisha uwaulize: kilichoko nyikani ni nini, sauti au njia?