Gesima Iko Nyuma ya Kitambulisho

Geuza kitambulisho chako cha zamani. Mbele ni wewe: jina, picha, tarehe ya kuzaliwa. Nyuma ni serikali: wilaya, tarafa, kata, kata ndogo. Changu kinasema natoka Gesima, Nyamira. Lakini mimi nimekulia Pipeline, Embakasi, na Gesima naijua kwa Disemba na matanga.

Hii tabia ya kumfunga mtu na kijiji cha baba yake ina historia. Waingereza walijenga boma lao Kisii mwaka wa 1907, na wazee wetu wakapaita Bosongo, yaani kwa wazungu. Hawakupapokea kwa vigelegele. Mwanzoni mwa 1908, Otenyo alimchoma mkuki afisa wa Waingereza, Northcote. Mzungu akapona, akapanda cheo hadi akawa gavana wa Hong Kong. Otenyo aliuawa, na vijiji vikachomwa. Ofisi ya kwanza ya serikali kwetu ilianza na damu.

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia kikaja kipande. Kila mwanamume Mwafrika wa zaidi ya miaka 16 alivaa shingoni kikopo cha chuma chenye karatasi ya alama za vidole, kabila lake na mwajiri wake. Nairobi ilimtaka kama mikono tu. Kazi ikiisha, arudi kwao. Kipande kilifutwa 1947, lakini swali lake halikufutwa: wewe ni wa wapi hasa?

Mimi niliulizwa hilo swali nikitafuta basari ya chuo. Ofisi moja ya hapa mjini iliangalia nyuma ya kitambulisho ikaniambia niende ushago. Nikapanda matatu ya usiku. Kule mzee akanitazama, akauliza mimi ni mtoto wa nani, mbona hawanioni kwa baraza. Hakuwa na ubaya. Fomu ilitaka sahihi ya mtu anayenijua, na yeye hakunijua. Ile semista nilikaa nyumbani.

Usidhani ni ushago tu ndiko mipaka inachanganya. Ukitoka Gesima ukienda Keroka sokoni, unakuta mji mmoja uliokatwa mara mbili: upande huu Nyamira, ule Kisii. Tangu kaunti zianze kazi 2013, serikali hizo mbili zimevutana juu ya nani akusanye ushuru hapo. Mama wa ndizi hajahama hata hatua moja. Ni mpaka ndio umempitia.

Nairobi ni Keroka kubwa. Jiji limemwagika hadi Rongai iliyo Kajiado, Mlolongo iliyo Machakos, Ruiru iliyo Kiambu. Watu wanalala kaunti moja na kufanya kazi nyingine. Serikali ililiona hilo mapema: 2008 ikaunda wizara nzima ya ustawi wa Nairobi na viunga vyake. Wizara ikaja ikapita. Mwaka wa 2020 baadhi ya kazi za kaunti, afya na usafiri zikiwemo, zikapewa Nairobi Metropolitan Services chini ya Meja Jenerali Mohammed Badi. Mwaka wa 2022 nayo ikafungwa, kazi zikarudi City Hall. Mkaazi wa Pipeline alibaki na mtaro uleule, akiuliza sasa alalamike wapi.

Wakati ofisi zinabadilisha vibao, watu wetu walishajitengenezea yao. Mtu wa kwetu akifariki Nairobi, kabla jua halijazama kuna mwenyekiti, mweka hazina na daftari. Jumapili tunakutana, tunachanga, mwili unasafiri. Hakuna anayeulizwa kitambulisho. Unaulizwa ulipoishi, nani alikuwa jirani yako, na nani atakaa na watoto.

Sisemi Gesima ifutwe. Kaburi la babu liko huko, na nikisikia Ekegusii kwa matatu bado nageuka. Ninachosema ni kwamba asili si anwani. Katiba ya 2010 inampa kila raia haki ya kuishi popote Kenya. Basi ofisi ya Embakasi imhudumie anayeishi Embakasi, kwa sababu jirani zake wanamjua. Kijana anayejaza fomu ya basari leo asilipe nauli ya usiku kucha kufuata sahihi ya mtu ambaye hawajawahi kuonana.