Uanagenzi wa Useremala Katika Nchi Yetu ya Garissa

Wazee wetu na ndugu wanachama, kazi ya mti si ngeni kwetu. Kando ya Mto Tana Wapokomo walichonga mitumbwi kwa gogo moja, na Wasomali walichonga kengele za ngamia.

Lakini Sheria ya Wilaya Maalumu ya 1934 ilibana safari zetu. Ile ya Mafunzo ya Viwanda, ya 1959, ilitaka mwanagenzi afunge mkataba wa maandishi, miaka isiyopungua 4. Je, kijana asiye na kibali angemfikiaje mwajiri Nairobi? Kisha ikaja hali ya hatari, tangu 1963 hadi 1991.

Leo njia i wazi. Basi tumpelekapo kijana kwa fundi, tudai hati kwanza, asije akafagia maranda pasipo kushika randa.