Rufaa za kesi za ardhi: Kibali kimeondolewa, kikwazo kimebaki

KWA miaka mingi, mtu aliyeshindwa kesi ya ardhi Mahakama Kuu hakuweza kwenda Mahakama ya Rufani ya Tanzania moja kwa moja. Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi ya mwaka 2002 ilimtaka kwanza aombe kibali. Ombi lilipelekwa Mahakama Kuu ile ile iliyomwangusha, likiambatana na hati ya kiapo, na halikukubaliwa kwa kuombwa tu. Mwombaji alipaswa kuonyesha kuwa ana hoja ya kisheria inayostahili kusikilizwa. Matokeo yake, kesi ya kiwanja iligeuka kesi ya kibali, na huku mgogoro wenyewe haujaguswa.

Bunge liliondoa sharti hilo kwa Sheria Namba 11 ya mwaka 2023, iliyoanza kutumika Desemba 1, 2023. Mashauri ya zamani yaliyoanzia Baraza la Kata ndiyo yaliyobaki na sharti lake la pekee, yaani Mahakama Kuu ithibitishe kwanza kuwa ipo hoja ya kisheria. Hayo yanazidi kupungua, kwani tangu mwaka 2021 mabaraza ya kata yanasuluhisha tu, hayaamui.

Hata hivyo, wapo wanaodhani kwamba kuondolewa kwa kibali kumefungua mlango wa kukatia rufaa kila uamuzi. Sivyo. Mwaka 2002 sheria ilizuia rufaa dhidi ya uamuzi mdogo, yaani ule unaotolewa njiani kabla ya hukumu, isipokuwa kama uamuzi huo unalimaliza shauri lenyewe.

Tuchukue mfano wa familia inayodai kiwanja cha urithi. Mdaiwa anaweka pingamizi la awali kwamba madai yamepitwa na muda, maana ukomo wa kudai ardhi ni miaka 12. Mahakama Kuu ikilikubali pingamizi na kuyatupa madai, kesi imekwisha, na familia inaweza kukata rufaa. Ikilikataa, kesi inaendelea, na mdaiwa hana rufaa kwa wakati huo. Atasubiri hukumu, kisha alalamikie uamuzi ule pamoja na mengine. Ni utaratibu unaochosha, lakini bila huo kila pingamizi lingesimamisha kesi kwa miaka.

Anayeruhusiwa kukata rufaa ana siku 30 za kuwasilisha taarifa ya kusudio la kukata rufaa, kisha siku 60 tangu kuiwasilisha taarifa hiyo ili kufungua rufaa yenyewe. Hapa ndipo wengi huteleza. Nakala za mwenendo wa shauri huweza kuchelewa, na muda wa kuzisubiri huondolewa katika hesabu pale tu mrufani alipoziomba kwa maandishi ndani ya siku 30 na kumpatia mjibu rufaa nakala ya barua hiyo. Barua moja isiyofika upande wa pili imewahi kuangusha rufaa nzima.

Aliyechelewa anaweza kuomba kuongezewa muda, lakini atatakiwa kueleza kila siku aliyochelewa. Kusema tu kwamba hakuijua sheria hakutoshi. Kwa rufaa ya kwenda Mahakama Kuu kutoka Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, muda ni siku 45.

Jambo jingine linalosahaulika ni kwamba taarifa ya rufaa haisimamishi utekelezaji wa hukumu. Mshindi anaweza kuendelea na hatua za kumwondoa mshindwa katika nyumba wakati rufaa bado haijasikilizwa. Anayetaka kuzuia hilo huomba Mahakama ya Rufani isimamishe utekelezaji, ndani ya siku 14 tangu apewe notisi ya utekelezaji au alipopata habari zake, na lazima awe tayari kuweka dhamana.