JIWE NA MAJI: ELIMU YA ARDHI KATIKA UNGUJA

Fungueni madaftari. Leo tutasoma habari za elimu ya ardhi, yaani jiolojia. Nyinyi wenzetu wa Uroa mtaona kuwa somo hili liko chini ya miguu yenu.

Uroa imekaa juu ya jiwe la matumbawe. Wazee walilijua jiwe hili kwa mikono. Walilivunja, wakalichoma katika tanuu, wakapata chokaa, wakajenga. Mji Mkongwe pia umejengwa kwa mawe ya namna hiyo. Lakini mkono haufiki chini sana.

Sultani Barghash, aliyetawala tangu 1870 hata 1888, alileta maji mjini kwa mabomba kutoka chemchemi za upande wa Bububu. Mwaka 1928 mtaalamu G. M. Stockley alitoa taarifa juu ya mawe ya Unguja na Pemba. Katika miaka ya 1950 makampuni ya BP na Shell yalichimba Unguja shimo refu la kutafuta mafuta. Wataalamu wa kazi hizo walitoka ng'ambo. Baadaye, katika miaka ya 1970, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza kufundisha jiolojia. Basi mtoto wa Uroa aweza kuisoma bila kwenda Ulaya.

Faida yake ni nini? Tutazame kisima. Maji ya mvua hupenya katika matumbawe, hukaa juu ya maji ya chumvi kwa kuwa ni mepesi zaidi. Kisima kikichimbwa chini mno, au pampu ikivuta maji kupita kiasi, chumvi hupanda, na kuiondoa ni kazi ya muda mrefu. Kijiji kizima chaweza kukosa maji ya kunywa. Mhandisi wa jiolojia hupima kwanza, ndipo watu wachimbe. Hupima pia ardhi ya barabara, bandari, majumba na migodi.

Tuseme kweli: kazi hizi kisiwani si nyingi. Wengine huvuka bahari kwenda migodi ya bara, kama ya dhahabu huko Geita. Lakini visima havitaacha kutaka watu wa kuvipima. Mwenye mtoto apendaye hesabu, fizikia na kemia, wa kiume au wa kike, asimtoe shuleni mapema.

Maswali:
1. Wazee walipataje chokaa?
2. Kwa nini maji ya kisima huingia chumvi?
3. Mhandisi wa jiolojia hufanya kazi gani?

Kwaherini mpaka somo lijalo.